Uanaume kati ya Shamba na Simu: Utangulizi

Mwaka 1969 Bunge la Kenya lilifuta sheria ya mwaka 1959 iliyompa mwanamke aliyezaa nje ya ndoa haki ya kumpeleka baba wa mtoto mahakamani ili achangie matunzo. Grace Onyango, mbunge mwanamke wa kwanza kuchaguliwa nchini, aliingia Bungeni baada ya uchaguzi wa mwishoni mwa mwaka huohuo. Sheria ilikuwa imekwishazikwa. Walioizika walidai kwamba wasichana walikuwa wakigeuza uzazi kuwa biashara, na kwamba mwanaume hakuwa na pa kujitetea. Chukua hoja hizo uzitume leo kwenye kundi lolote la WhatsApp la wanaume wanaojadili haki zao. Hakuna atakayetambua kwamba zina zaidi ya nusu karne.

Ninaanza na tarehe hiyo kwa sababu wengi huingia katika uwanja huu wa haki za wanaume wakiamini kwamba walichokikuta kilizaliwa na intaneti, au kililetwa mzimamzima kutoka Marekani. Wengine huamini kinyume chake: kwamba ni sauti ya mababu iliyopata kipaza sauti. Utangulizi huu unakukaribisha kwa njia nyingine, inayopita Bungoma na Kitale, magharibi mwa Kenya, na umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi, mwalimu, afisa wa watoto, mwandishi wa habari, na pia kwa mwanaume anayezifuata kurasa za wanaume mtandaoni mwenyewe na angependa kujua zilikotoka.

Hoja itakayotusindikiza ni moja. Malalamiko ya wanaume ni ya zamani, na baadhi yana msingi. Kilichobadilika ni baraza la kuyasikiliza. Aliyelalamika barazani, kortini au mbele ya wazee alijua kwamba anayemlalamikia, au jamaa zake, angeweza kusimama na kumjibu. Kwenye simu, upande wa pili haujaalikwa.

Kabla ya simu

Historia ya haki za wanaume nchini Kenya inaanzia Bungeni, na kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge ndizo nyaraka za kwanza ninazowapa wanafunzi wangu. Mwaka 1979 muswada uliotaka kuziunganisha sheria za ndoa ulikwama, baadhi ya wabunge wakisema ungemnyima mume mamlaka ya kumwadhibu mkewe. Mwaka 2006, Sheria ya Makosa ya Kingono ilipopitishwa baada ya kupiganiwa na mbunge Njoki Ndung'u, ilibeba kifungu cha 38 kilichompa anayetoa tuhuma za uongo adhabu sawa na ya kosa lenyewe. Hofu ya kusingiziwa, ambayo leo ni chakula cha kila siku cha kurasa za wanaume, iliandikwa katika sheria ya nchi kabla vijana wengi wa Bungoma hawajawahi kufungua Facebook. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 2012. Machi 2014, muswada wa ndoa ulipobadilishwa ili mume asilazimike kushauriana na mke wa kwanza kabla ya kuoa mwingine, wabunge wanawake walitoka ukumbini kwa hasira.

Nje ya Bunge kulikuwa na Maendeleo ya Wanaume, chama kilichoongozwa na Nderitu Njoka, ambacho jina lake lilikuwa jibu la wazi kwa Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa mwaka 1952. Mwaka 2012, baada ya habari za waume waliopigwa na wake zao huko Nyeri, Njoka aliwataka wanaume wasusie chakula cha nyumbani. Wengi walicheka. Kicheko hicho nacho ni data: mwanaume aliyepigwa alikosa huruma ya wanaume wenzake kwanza.

Mzaha mwingine ulidumu zaidi. Kila tarehe 14 Februari, siku ya wapendanao, Wakenya hutania kwamba wanaume wote wamo kwenye mkutano wao mkuu na hawapatikani kwa simu wala kwa maua. Mwenyekiti wa heshima katika utani huo alikuwa Mzee Jackson Kibor, mkulima tajiri wa Uasin Gishu, jirani na kaunti ya Trans Nzoia uliko mji wa Kitale, aliyejulikana kwa kesi zake za talaka. Alifariki Machi 2022. Asiyeuelewa utani huu atapotea njiani, maana mengi yanayosemwa kuhusu uanaume mtandaoni husemwa nusu kwa dhihaka, na msemaji akibanwa hurudi upande wa dhihaka.

Agosti na Desemba

Kwa nini Bungoma na Kitale? Kwa sababu huku uanaume una tarehe. Kwa Wabukusu wa eneo hili, Agosti ya kila mwaka usio witiri ni msimu wa tohara. Kijana huzunguka na njuga, chinyimba, akiwaalika jamaa. Huenda kwa mjomba wa upande wa mama kupokea nyama na baraka. Alfajiri hupakwa matope mtoni, kisha husimama uani kwa baba yake mbele ya umati bila kupepesa jicho. Masimulizi humtaja Mango, aliyemuua nyoka mkubwa, kuwa chanzo cha desturi hiyo. Akitoka hapo anaingia katika moja ya rika nane zinazozunguka kwa karibu karne nzima: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Waliotahiriwa pamoja wanakuwa bakoki, na ubakoki una madai yake hadi kaburini. Zipo pia nasaha, khubita, anazopewa kijana kuhusu namna ya kuishi na watu. Ng'ambo ya mpaka, karibu na Mbale, ndugu zao Bagisu hufanya imbalu katika miaka hiyohiyo.

Angalia kilichomo: mashahidi, deni kwa jamaa wa pande zote mbili, na wazee wanaojua jina lako. Kijana anaambiwa amekuwa mwanaume, na walioambiwa pamoja naye watamdai.

Baada ya hapo anahitaji vitu: ardhi, ng'ombe wa mahari, mapato. Hapa ndipo historia ya uchumi inapoingia. Kitale ulikuwa mji wa walowezi. Reli iliufikia mwaka 1926, na mashamba ya Trans Nzoia yalikuwa sehemu ya nyanda walizotengewa Wazungu, Waafrika wakiishi humo kama maskwota. Baada ya uhuru mashamba yalinunuliwa, yakagawanywa au yakabaki mikononi mwa Shirika la Maendeleo ya Kilimo, na wakaja watu kutoka Bungoma, Kisii, Mkoa wa Kati na Turkana. Upande wa Bungoma, kiwanda cha sukari cha Nzoia kilianzishwa mwaka 1975 na kuanza kusaga miwa mwaka 1978, na kiwanda cha karatasi cha Webuye kiliwapa maelfu ya familia mshahara. Baba mwenye hati ya shamba na mkataba wa miwa alikuwa na sauti nyumbani, na sauti hiyo ilitegemea malipo. Cha Webuye kilifungwa mwaka 2009. Nzoia kiliwakalisha wakulima na wafanyakazi miaka mingi wakidai pesa zao, hadi mwaka 2025 kilipokodishwa kwa mwekezaji binafsi. Wakati huo sensa ya 2019 ilikuwa imehesabu watu 1,670,570 Bungoma na 990,341 Trans Nzoia, na shamba la babu limegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hadi mpaka wa kiunga unapita nyuma ya jiko.

Serikali ilipoondoa kodi kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008, kazi iliyokuwa karibu na kijana ikawa boda boda. Basi kijana anatangazwa mwanaume Agosti, na Desemba hana shamba, hana ng'ombe, ana pikipiki ya mkopo na simu. Mtaani wanamwambia mwanaume ni efoti, yaani juhudi. Akishindwa kulisha nyumba na mke akaanza kuuza mboga sokoni na kushika pesa, wanamwambia amekaliwa chapati, yaani ametawaliwa na mke.

Tusiipambe mila lakini. Agosti 2014 vyombo vya habari viliripoti wanaume wa jamii zisizotahiri kukamatwa na kutahiriwa kwa nguvu huko Moi's Bridge, kusini-mashariki mwa Kitale. Wengine walikimbilia polisi. Wazee waliosikiliza kesi za ndoa walikuwa wanaume, na mara nyingi mwanamke alisemewa na kaka yake. Ninachosema ni kidogo kuliko sifa: kaka huyo alikuwepo, na aliweza kusema hapana.

Wanaozungumza

Katika nafasi hiyo, iliyoachwa wazi kati ya Agosti na Desemba, waliingia washauri. Eric Amunga, mtaalamu wa afya anayejulikana zaidi kama Amerix, aliifanya Jumamosi kuwa siku ya mafunzo ya uanaume kwenye Twitter, chini ya alama ya #MasculinitySaturday, na kuwakusanya wafuasi kwenye Telegram pia. Andrew Kibe alitoka kwenye redio ya Kiss 100 akahamia YouTube. Jacob Aliet aliandika Unplugged, na Silas Nyanchwani, mwanahabari, akaandika 50 Memos to Men. Hawafanani. Nyanchwani huandika kama kaka mkubwa anayeona pande zote, Kibe hufoka. Mtafiti anayewatia wote katika kapu moja ataandika makala mbovu.

Yanayofundishwa yana matabaka mawili. La kwanza ni la mwili na mfuko: acha pombe, funga kula, fanya mazoezi, weka akiba, usikope ili kumfurahisha msichana. Mama yeyote wa Kimilili angeyaunga mkono. La pili ni la uhusiano: usimwoe mwanamke mwenye mtoto wa mwingine, pima vinasaba vya watoto wako, usiandikishe mali kwa majina mawili, usimwonyeshe mke udhaifu. Msomaji huvutwa na tabaka la kwanza, ambalo linamsaidia kweli, na imani aliyoipata hapo huibeba hadi la pili. Njia hiyo ya kupanda ngazi ndiyo inayostahili kuchunguzwa, kuliko sentensi moja ya kuudhi iliyosambazwa na kila mtu.

Lugha ya kidonge chekundu, yaani ya kuamshwa uone ukweli uliofichwa, iliyotoka kwenye filamu The Matrix ya mwaka 1999 na kukuzwa na makundi ya Marekani, ipo huku pia. Lakini sikiliza kinacholalamikiwa. Katika makundi mengi ya Ulaya na Amerika Kaskazini kilio ni cha kukosa mpenzi. Magharibi mwa Kenya kilio ni mtoto, mahari, kiwanja, na pesa iliyotumwa nyumbani kwa M-Pesa ikaliwa. Ni kilio cha mtu aliyekwisha kuingia katika nyumba, au anayeogopa gharama ya kuingia.

Vitabu vya kuanzia

Msingi wa nadharia ni Masculinities cha R. W. Connell, 1995, kinachoonyesha kwamba katika jamii moja kuna aina nyingi za uanaume na kwamba aina moja hutawala nyingine. Kisome ukiwa na Moi's Bridge akilini: waliowindwa na wanaume walikuwa wanaume. Kwa hoja za wanaharakati wenyewe, soma The Myth of Male Power cha Warren Farrell, 1993. Ni vibaya kumpinga mtu usiyemsoma. Makala ya Debbie Ging ya mwaka 2017 itakupa ramani ya makundi ya mtandaoni ya nchi za Magharibi, nawe utaona mahali ramani hiyo inapokoma.

Kisha rudi nyumbani. Margrethe Silberschmidt alifanya utafiti Kisii na baadaye Dar es Salaam. Hoja yake, iliyomo katika kitabu chake cha 1999 kuhusu Kisii, ni kwamba mabadiliko ya uchumi yaliwaachia wanaume cheo cha mkuu wa nyumba huku yakiwanyang'anya njia ya kukitimiza, na kwamba wengi walitafuta heshima badala yake katika ngono na ubabe. Nzoia na Webuye zinaweza kusomwa kwa jicho hilo. Paul Ocobock, katika An Uncertain Age cha 2017, anaonyesha jinsi serikali ya kikoloni ilivyojiingiza katika kuwalea vijana wa kiume na kujifanya mzee wa wazee. Suzette Heald, katika Manhood and Morality cha 1999, aliandika kuhusu Bagisu na lirima, ule ukali unaoamshwa kwa kijana ili aikabili imbalu. Mwanaume kamili, katika maelezo yake, ni yule anayeweza kuumiliki ukali huo baada ya kuupata. Sijapata kifaa bora zaidi cha kupimia kurasa za leo: je, mshauri huyu anaamsha lirima tu, au pia anafundisha kuimiliki? Mario Schmidt, katika kitabu chake cha 2024, anawafuata wahamiaji wa kiume katika magorofa ya Pipeline, Nairobi, ambako shinikizo la kutuma pesa nyumbani linakutana na washauri wa uanaume. Na Awino Okech, katika makala ya 2021 kuhusu Kenya na Afrika Kusini, anachunguza jinsi wanawake walivyojenga mabaraza yao mtandaoni kupinga mauaji ya wanawake. Bila makala hiyo utausoma mjadala kwa sikio moja.

Takwimu na sheria

Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2022 uliwauliza Wakenya kama wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu wakiwa na miaka 15. Wanawake waliojibu ndiyo walikuwa asilimia 34. Wanaume asilimia 27. Makundi ya wanaume huishika namba ya pili na kuuliza kwa nini haina mradi wala wafadhili. Swali ni halali. Lakini namba hiyo haisemi mkono uliopiga ulikuwa wa nani. Majedwali ya utafiti huohuo yanaonyesha kwamba kwa wanawake waliowahi kuolewa, anayetajwa kwanza ni mume au mwenzi. Na kaunti iliyoongoza nchini kwa wanawake waliowahi kuumizwa ilikuwa Bungoma, kwa asilimia 62. Anayeandika kuhusu kilio cha mwanaume wa Bungoma bila namba hiyo mbele yake ameandika nusu ya nyumba. Wanawake walipoandamana tarehe 27 Januari 2024 kupinga mauaji ya wanawake, baadhi ya kurasa za wanaume zilijibu kwa kuuliza marehemu walifuata nini huko walikouawa.

Kuhusu sheria, mwanafunzi azisome mwenyewe, maana mengi yanayosambazwa si sahihi. Kifungu cha ubakaji katika Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 hakikusema kwamba mtendaji au mwathiriwa lazima awe wa jinsia fulani. Sheria ya Kulinda Dhidi ya Unyanyasaji wa Nyumbani ya 2015 inamlinda mume kama inavyomlinda mke. Kuhusu mali ya ndoa, Mahakama ya Juu iliamua Januari 2023 kwamba kufunga ndoa pekee hakumpi yeyote nusu. Mchango lazima uthibitishwe. Kuhusu watoto, Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inampa mtoto haki ya malezi ya baba na mama, wameoana au hawakuoana, na Sheria ya Watoto ya 2022 imeifuata. Kwa maneno mengine, kile kilichofutwa mwaka 1969 kimerudi kwa mlango wa mtoto, na baba anayetaka kumwona mwanawe anaweza kuingia kwa mlango huohuo. Ni wanaume wachache katika makundi hayo wanaoambiwa sehemu ya mwisho.

Namna ya kufanya kazi

Usianze na simu. Anza kwenye steji ya boda boda, kwa kinyozi, kwenye chama, kwenye ushirika wa wanaume kanisani, na palipo na mtungi wa busaa. Huko utasikia video ya jana ikirudiwa, ikipingwa na kupunguzwa makali. Mtu mmoja hushangilia maneno ya mshauri asubuhi na jioni humpelekea mkewe pesa za mbegu. Maandishi ya mtandaoni peke yake yangekuonyesha mshangiliaji tu.

Jifunze lugha zote zinazotumika. Mafunzo huja kwa Kiingereza na Sheng, ubishi hufanyika kwa Kiswahili, na uzito wa mwisho, hasa unaohusu damu na ardhi, husemwa kwa Lubukusu, Kisabaoti au lugha nyingine ya nyumbani. Kitale zote hukutana katika kundi moja, na aliyetahiriwa mtoni huketi na Mturkana ambaye kwao uanaume hauna kisu hicho.

Usiingie katika kundi lililofungwa kwa kujificha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ina masharti yake, lakini hata bila sheria, aliyeeleza aibu ya kufukuzwa nyumbani hakukueleza wewe. Omba ruhusa, badilisha majina na vitu vinavyomtambulisha mtu, na kumbuka kwamba mke aliyetajwa humo hakutoa ruhusa yoyote.

Fuata pia pesa. Ushauri ni kazi: kuna matangazo ya video, vitabu, na mashauriano ya kulipiwa. Anayeishi kwa kutazamwa ana sababu ya kuiweka hasira ikiwaka, na hana sababu ya kuwapatanisha wawili wakazima video wakalale.

Mwisho, tafuta upande wa pili. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na kila kisa utakachopewa mtandaoni kimewambwa na mtu mmoja. Ndiyo maana wanafunzi wangu wote hupewa kazi ileile ya kuanzia. Chagua lalamiko moja ulilolisikia kwa mwanaume aliyekubali kuzungumza nawe: mtoto anayenyimwa, kiwanja kilichouzwa, mahari isiyorudishwa. Andika kwa ukamilifu anavyolieleza, bila kumkejeli. Kisha, kwa ruhusa yake, nenda kwa mama wa mtoto, kwa shemeji, kwa chifu, kwa rejista ya ardhi, kwa mmoja wa bakoki wake wa Agosti ile. Utakaporudi utakuta kwamba baadhi ya malalamiko yamekuwa mazito zaidi, mengine yameyeyuka, na mengi yamegeuka kuwa kesi ya watu wawili ambao kiwanda kilichelewa kuwalipa. Ukifika hapo umeanza kazi. Karibu.